Kutafuta Nasaba na Jamaa Mliopoteana: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Malalamiko ni yale yale kila mara. "Nimeandika jina la babu mzaa babu kwenye mtandao, yamekuja majina mia tatu, sasa nifanyeje?" Au: "Nimefika kwa bibi, hapo nimegota."

Wanaokwama si wavivu. Wengi wameshahangaika miezi. Tatizo ni kwamba walianza na jina, na jina si mtu. Mtu ana jina, ana mahali, ana wakati wake, na ana watu waliomzunguka. Ukishika jina peke yake utambeba marehemu wa watu wengine umwingize katika ukoo wako, na wajukuu zako wakue wakimwombea asiyewahusu.

Mwongozo huu umepangwa kuzuia kosa hilo. Fuata hatua kwa zamu yake, hata kama vidole vinakuwasha kukimbilia mtandaoni.

## Vitu vya kuandaa

- Madaftari mawili. La kwanza ni la habari za watu. La pili ni la utafutaji: tarehe, mahali ulipotafuta, tahajia ulizotumia, na ulichopata. Usipopata kitu, andika pia. Hilo ndilo daftari linalodharauliwa kuliko yote, na ndilo litakalokuzuia kupekua rejista ile ile mara tatu.
- Simu yenye kamera na kinasa sauti, na nafasi ya kutosha ndani yake.
- Penseli laini. Kalamu ya wino huvuja upande wa pili wa picha, na ncha ngumu huacha makovu kwenye sura ya mtu.
- Bahasha za karatasi za kutunzia picha na vyeti.
- Programu ya mti wa ukoo inayoweza kutoa faili la GEDCOM, yaani faili la kuhamisha mti wa ukoo kutoka programu moja hadi nyingine. Mfumo huo ulianza mwaka 1984 na karibu kila programu ya nasaba huusoma, kwa hiyo kazi yako haitafungiwa ndani ya programu moja.
- Nakala ya vyeti vyako mwenyewe na vya wazazi wako.

Huhitaji kulipia tovuti yoyote kwa sasa. FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za nasaba yenye hazina kubwa kuliko karibu zote, ni ya bure. Unachohitaji ni kufungua akaunti.

## Hatua ya 1: Andika swali moja

"Nataka kujua ukoo wangu" si swali, ni hamu. Swali ni hili: "Wazazi wa bibi mzaa mama walikuwa kina nani, na waliishi wapi kabla hajaolewa?"

Swali la namna hii lina mtu mmoja, jambo moja na kipindi kimoja. Litakuambia rejista gani ufungue na mzee gani umwendee. Liandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la utafutaji.

Umefanikiwa ikiwa: mtu asiyekujua akisoma swali lako anaweza kukuambia jibu lake lingefananaje.

## Hatua ya 2: Anza na wewe, panda kizazi kimoja kimoja

Jipe namba 1. Baba yako ni 2, mama yako ni 3. Babu mzaa baba ni 4, bibi mzaa baba ni 5, babu mzaa mama ni 6, bibi mzaa mama ni 7. Kanuni ni nyepesi: zidisha namba ya mtu yeyote mara mbili upate baba yake, kisha ongeza moja upate mama yake. Mpangilio huu ulichapishwa na Michaël Eytzinger mwaka 1590 na bado haujapata mshindani kwa urahisi wake. Mtu namba 7 ni bibi mzaa mama. Baba yake ni 14, mama yake 15. Hata kama hujui majina yao, nafasi zao zipo, tupu, zinakusubiri.

Kwa kila namba andika jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, ndoa, kifo. Wanawake waandike kwa majina waliyozaliwa nayo, si ya waume zao. Mwanamke aliyeandikwa kwa jina la mume hapandishiki. Njia ya kwenda kwa wazazi wake imezibwa.

Onyo: usianze na mtu mashuhuri anayesemekana kuwa wa ukoo wenu halafu ukashuka. Kutoka juu kuna mamia ya matawi, na utachagua lile unalolitamani. Kutoka kwako kuna wazazi wawili tu.

Umefanikiwa ikiwa: nafasi tupu zinaonekana wazi, na hujajaza hata moja kwa kubahatisha.

## Hatua ya 3: Wahoji wazee, na uwahoji vizuri

Hapa ndipo kazi ilipo. Rejista zitakusubiri mwaka mzima. Mzee hatakusubiri. Kama una wikendi moja tu mwezi huu, itumie hapa.

Anza kwa kurekodi tarehe, mahali, jina la anayezungumza na lako. Omba ruhusa ya kurekodi, na uiombe tena kinasa kikiwa kimewashwa ili ruhusa yenyewe isikike. Saa moja inatosha. Baada ya hapo mzee huchoka na majina huanza kuchanganyika.

Usiulize mwaka. Wachache wanakumbuka miaka, na wengi watakupa mwaka ili wakuridhishe. Uliza kilichotangulia na kilichofuata: "Ulipoolewa, kaka yako alikuwa ameshaoa?" "Yule mdogo alikuwa anatembea au bado anabebwa?" "Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha?" Jibu la swali hilo la mwisho linakupa 1945 bila kumlazimisha mtu kukumbuka tarakimu.

Halafu kuna mtego wa lugha yetu wenyewe. Katika Kiswahili "baba" anaweza kuwa baba mkubwa au baba mdogo, na "mama" anaweza kuwa dada wa mama. "Ndugu" ni neno pana kama bahari. "Babu" ni kila mzee uliyemheshimu. Ukiandika "baba" kama ulivyolisikia, utamweka ami mahali pa mzazi, na kizazi kizima kitahama. Kwa hiyo kila anapotajwa mtu mpya, rudi nyuma kwa upole: "Huyu alizaliwa na nani?" "Walinyonya ziwa moja?" "Baba yao mmoja, au mama tu ndiye mmoja?" Utaonekana msumbufu kidogo. Vumilia.

Uliza pia watoto waliofariki wadogo. Familia nyingi humpa mtoto anayefuata jina la yule aliyetangulia mbele ya haki, na rejista itakuonyesha watoto wawili wenye jina moja na wazazi wale wale. Usipolijua hilo mapema utamchukua asiyeishi.

Nenda na picha ya zamani. Swali linaweza kupata jibu la maneno matano. Picha hufungua saa nzima.

Onyo: usimsahihishe mzee hata akikosea waziwazi. Andika alivyosema, na weka marekebisho pembeni kwa jina la aliyeyatoa. Mzee akinyamaza kwenye jambo fulani, mwache anyamaze, na zima kinasa akikuomba. Kuna nyumba zilizobeba aibu ya mtu kwa miaka sitini kwa makusudi, na si kazi yako kuifungua mbele ya wajukuu.

Umefanikiwa ikiwa: umehoji angalau watu wawili kila mmoja peke yake, na umeandika walipokubaliana na walipotofautiana. Tofauti ni mali. Ndizo zitakazokuonyesha pa kuchimba.

## Hatua ya 4: Pekua nyumba

Vyeti, barua, kadi za kliniki, pasipoti zilizokwisha muda, karatasi za mazishi, ripoti za shule, kurasa za mwanzo za Biblia na misahafu ambako watu waliandika vizazi vyao. Piga picha kila kitu mbele na nyuma. Nyuma ya picha mara nyingi kuna jina la studio na mji, na mji ndio unaoutafuta.

Usibandue picha iliyogandia kwenye albamu. Ipige ilipo.

## Hatua ya 5: Geuza jina kuwa mtu

Kabla hujaigusa rejista yoyote, tengeneza ukurasa mmoja kwa kila mtu unayemtafuta.

Tahajia. Makarani waliandika walivyosikia. Yusufu mmoja anaweza kuwa Yusuf, Yussuf, Yosefu, Josef au Joseph katika karatasi tano za maisha yake. R na l hubadilishana, h hudondoka, herufi mbili huwa moja. Orodhesha zote. Kuna pia mpangilio wa majina: Wachina hutanguliza jina la ukoo, Wahispania hubeba majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na Waaisilandi wengi hutumia jina la baba badala ya jina la ukoo lisilobadilika.

Wakati. Kizazi kimoja ni takriban miaka 25 hadi 30. Hesabu hiyo ni kipimo chako cha haraka. Mama aliyezaa akiwa na miaka tisa, au akiwa na sitini na tano, ni wanawake wawili waliounganishwa kuwa mmoja.

Angalia na kalenda. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo umri wa miaka 66 kwa Hijria ni kama 64 kwa kalenda ya jua. Mwaka 1400 wa Hijria ulianza Novemba 1979, kwa hiyo sehemu kubwa yake iko ndani ya 1980. Uingereza, kabla ya 1752, mwaka wa kisheria ulianza Machi 25. Mtoto aliyeandikwa Februari 1740 huko, kwa hesabu ya leo, alizaliwa Februari 1741.

Mahali. Tafuta eneo hilo lilitawaliwa na nani wakati huo, si leo. Mipaka huhama, na rejista mara nyingi hubaki katika ofisi ya mtawala wa zamani, au hata nchi nyingine.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kusema: fulani, aliyezaliwa kati ya mwaka huu na huu, karibu na mahali hapa, mwenye mke au ndugu hawa. Sasa unatafuta mtu.

## Hatua ya 6: Ingia kwenye rejista, ukianzia kifo

Rudi kinyumenyume: kifo, ndoa, kisha kuzaliwa. Kifo kiko karibu na kumbukumbu za walio hai, na karatasi yake hukuelekeza kwenye ndoa. Ndoa hukuelekeza kwa wazazi. Anayeanza na kuzaliwa hukutana na watoto ishirini wenye jina moja na hana cha kuwatofautishia.

Jua kwanza rejista ilianza lini, usije ukatafuta kisichokuwepo. Ufaransa ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kiserikali mwaka 1792. Uingereza na Wales mwaka 1837. Kabla ya hapo utategemea vitabu vya parokia, ambavyo Uingereza viliamriwa mwaka 1538. Mahali pengine uandikishaji ulichelewa sana au uliwahusu baadhi ya watu tu. Hapo utageukia daftari za ndoa za dini, makaburi, orodha za shule, kodi, ardhi, wosia, jeshi na abiria wa meli.

Sensa nazo zina kufuli. Marekani hufungua majina baada ya miaka 72, ndiyo maana sensa ya 1950 ilifunguliwa mwaka 2022. Uingereza husubiri miaka 100. Wanaotafuta mababu waliokuwa watumwa Marekani wakumbuke kwamba orodha za watumwa za 1850 na 1860 kwa kawaida hazikuwataja kwa majina. Zilitoa umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wengi wao kama watu wenye majina.

Mtandaoni kuna siri moja inayowaponza wengi: kutafuta kwa jina ni kutafuta kwenye faharasa, yaani orodha ya majina yaliyonakiliwa kutoka kwenye rejista, na faharasa iliandikwa na mtu au mashine inayoweza kusoma vibaya. Kurasa nyingi zimepigwa picha lakini hazina faharasa kabisa. Fanya hivi:

1. Tafuta kwa jina kamili mara moja tu.
2. Ondoa jina la ukoo, acha jina la kwanza, mahali na miaka.
3. Weka nyota mahali pa herufi zinazobadilika, FamilySearch huikubali. "Yus*f" italeta Yusuf na Yussuf kwa pamoja.
4. Ukishindwa, fungua picha za rejista ya mahali hapo, usome ukurasa kwa ukurasa. Inachosha, lakini wengi waliogota kwa miaka wamefunguka hapa.

Rejista nyingine ziliteketea. Sehemu kubwa ya sensa ya Marekani ya 1890 iliharibika kwa moto wa 1921, na mwaka 1922 nyaraka za karne nyingi ziliungua Dublin, Ireland. Ukiambiwa "ziliungua", uliza swali la pili: nakala ilipelekwa wapi? Dini, mahakama na makao makuu mara nyingi walikuwa na yao.

Umefanikiwa ikiwa: umepiga picha ya ukurasa mzima, pamoja na namba yake na jalada la kitabu, si mstari wa babu yako tu.

## Hatua ya 7: Uliza nani alitoa habari

Shika cheti cha kifo. Jicho lianzie kwa mtoa taarifa, si kwa jina la marehemu. Tuseme ni mkwe.

Tarehe ya kifo: mwamini, alikuwepo. Mahali: mwamini. Umri: umeandikwa 70. Simama hapo. Umri unaoishia na sifuri au tano mara nyingi ni wa kukadiria. Weka kuzaliwa ndani ya dirisha la miaka kumi. Majina ya wazazi wa marehemu: mkwe huyu pengine hakuwahi kuwaona. Aliulizwa siku ya msiba, amechoka, karani anasubiri. Akasema alichokisikia, au akanyamaza, karani akajaza "hajulikani".

Karatasi moja, uzito tofauti kila mstari. Muhuri unathibitisha kwamba jambo hilo lilisemwa ofisini. Kama ni kweli au la, hiyo ni habari nyingine. Fanya hivi kwa kila hati.

## Hatua ya 8: Jaribu kulivunja jibu lako

Kiungo cha mtoto na mzazi kinahitaji angalau ushahidi wa sehemu mbili zisizonakiliana. Miti mitatu ya mtandaoni yenye jina lile lile kwa kawaida ni mmoja uliokopiwa mara mbili. Itumie kama tetesi.

Kisha mgeukie mtu uliyempata na ujaribu kumkataa. Je, kuna mwingine mwenye jina hili hapa, miaka hii? Je, mtoto huyu alifariki akiwa mdogo? Tafuta kifo chake makusudi, ukikikuta, umejiokoa. Halafu angalia waliomzunguka: mashahidi wa ndoa, wadhamini wa ubatizo, majirani kwenye ukurasa wa sensa. Watu walihama pamoja na ndugu zao, na shahidi wa ndoa mara nyingi ni kaka.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kuandika aya moja ya kwa nini ni huyu na si yule. Ukishindwa kuiandika, acha nafasi tupu. Nafasi tupu haimdanganyi mtu.

## Hatua ya 9: Vinasaba, ukiamua

Kipimo cha DNA hakikupi majina. Kinakupa watu walio hai na kiasi mnachochangia. Ndugu wa baba na mama mmoja huchangia takriban asilimia 50. Binamu wa kwanza takriban 12.5; binamu wa pili, yaani watoto wa mabinamu wa kwanza, takriban 3. Asilimia 25 inaweza kuwa babu, mjomba au ndugu wa mzazi mmoja. Umri na karatasi ndizo zitakazoamua. Binamu wa tatu anaweza asionekane kabisa ingawa ni wako wa kweli. Pima wazee kwanza, kwani wao wako kizazi kimoja karibu zaidi na unaowatafuta.

Hazina hizi zimejaa zaidi watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo wengine watapata majina machache mwanzoni. Taarifa zitaongezeka kadiri watu wanavyopima.

Onyo zito: kipimo kinaweza kukuambia kwamba baba si baba. Kubaliana na familia kabla ya kutema mate kwenye kichupa, si baada. Na siri yako ni siri ya ndugu zako pia: mwaka 2023 wadukuzi walifikia taarifa za watu wapatao milioni 6.9 katika kampuni ya vipimo vya DNA ya 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa kufilisika. Soma masharti ya kufuta taarifa kabla ya kulipa.

## Hatua ya 10: Kumfikia jamaa aliye hai

Kama mlitenganishwa na vita, maafa au uhamiaji, nenda kwanza kwa Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu. Wana huduma ya kuwatafuta wanafamilia waliopoteana, na haitozwi. Kwa walioteswa chini ya utawala wa Wanazi, Arolsen Archives huko Ujerumani ina habari za watu wapatao milioni 17.5.

Ukishampata mtu unayedhani ndiye, ujumbe wa kwanza uwe mfupi:

"Shikamoo. Naitwa fulani, mjukuu wa fulani. Ninaandika historia ya familia yetu, na naamini bibi yangu na baba yako walizaliwa pamoja. Sihitaji fedha wala mali. Nina picha moja ya zamani ningependa kukuonyesha. Kama si wewe, niwie radhi kwa usumbufu."

Kama ni rika lako au mdogo, badilisha salamu. Usitaje mtoto wa nje, talaka, ugomvi wa urithi wala matokeo ya DNA katika ujumbe huu. Usiupachike hadharani kwenye ukurasa wake, mtumie faraghani.

Akijibu kwa haraka sana na kukuomba hela ya nauli au matibabu, simama. Mpigie, umsikie sauti, muulize jambo ambalo hukuliandika popote: jina la utani la bibi, au ni nani mtoto wa pili. Usitume hata senti kabla ya hapo.

Asipojibu, subiri miezi miwili, mwandikie mara moja zaidi, umwachie namba yako, kisha usimfuate tena. Andika tarehe zote mbili kwenye daftari la utafutaji. Ukurasa wake uache wazi: wapo wanaojibu mwaka wa tatu, siku wanapopanga vitu vya marehemu mama yao na kukuta picha ile ile uliyowatajia.